Balansi ya Watu Watano

Mwanzoni mwa miaka ya sabini neno "balansi" lilinifuata kila mahali. Katika kampuni ya bima mjini nilikokuwa mpiga taipu, balansi ilikuwa vile vitabu vikubwa vya hesabu ambavyo wenzangu walivihangaikia kila mwisho wa mwezi mpaka pande mbili zilingane. Kwa mwenye duka wa mtaa wa Satellite, nilikopanga chumba, balansi ilikuwa chenji, na mara nyingi aliniambia nipitie kesho. Na kwenye kiwanja nyuma ya maduka ya Adams Arcade, tulikofanyia mazoezi ya sarakasi, balansi ilikuwa watu watano waliopanda juu ya mwili wangu.

Ndiyo, juu yangu. Mimi ni mwanamke wa Kakamega mwenye mabega ya kubebea magunia, na sijawahi kuyaonea haya. Mwalimu wetu, mtu wa Mombasa aliyefundisha Kurani siku za wiki na sarakasi Jumamosi, alisita kunipokea. Nikambeba yeye mwenyewe, nikamzungusha uwanja mzima.

"Nitue, mwanangu," akasema. "Utakuwa nguzo."

Nguzo ndiye anayesimama chini kabisa. Sheria yetu ilikuwa moja: watu wakishapanda, anayesema ni nguzo peke yake. Akisema shukeni, wanashuka kuanzia wa juu. Mwingine yeyote akisema, hata mwalimu, hasikilizwi.

Jumapili moja tulialikwa kucheza kwenye karamu ya bustanini kule Kitisuru kwa matajiri. Nilikuwa nimeshawabeba wote watano nilipomwona bosi wangu kati ya wageni, glasi mkononi. Naye akaniona. Akaja mpaka mbele yangu, uso umemwiva.

"Wewe! Shuka hapo saa hii! Unaaibisha ofisi!"

Nishuke niende wapi, nami miguu yangu iko ardhini? Lakini mwenzetu wa juu kabisa alishtuka, mguu wake ukateleza, na uzito wote ukanielemea bega la kushoto. Niliogopa, sitaficha. Chini yake palikuwa na kijia cha mawe. Nikajikaza, nikamkodolea bosi macho, nikapaza sauti: "Hakuna kushuka! Tulieni!"

Wakatulia. Nikahesabu mpaka kumi, polepole, kwa makusudi, yeye amesimama papo hapo. Kisha nikawateremsha mmoja mmoja.

Jumatatu akaniita ofisini mwake, nije na taipureta yangu. Bosi wetu hakujua kupiga taipu hata jina lake, kwa hiyo barua zote, hata za kufukuza watu, nilizipiga mimi.

"Mwanamke wa ofisi lazima awe na balansi katika maisha yake," alisema. Kwa kinywa chake maana yake ilikuwa ninyamaze. "Sasa andika barua ya kuachisha mtu kazi."

"Ya nani, mzee?"

"Unajua ni ya nani."

Nikapiga jina langu mwenyewe. Mshahara ule ndio uliomsomesha mdogo wangu, na kazi nyingine sikuwa nayo.

"Sababu?"

"Andika utovu wa nidhamu."

"Nidhamu gani? Jumapili mimi siko kazini."

"Wewe andika tu!"

Nikaandika. Lakini niliandika ilivyokuwa: kwamba mpiga taipu huyu anaachishwa kazi kwa sababu, siku yake ya mapumziko, aliwabeba wanaume watano, na alikataa kuwaangusha alipoamriwa na meneja. Nikaichomoa karatasi, nikamwekea mezani na kalamu juu yake.

Aliisoma mara mbili. Mara ya pili midomo yake ilikuwa ikisogea.

"Hii siwezi kuitia sahihi. Wakubwa wakiisoma watanicheka."

"Basi piga nyingine mwenyewe, mzee."

Aliigeukia ile taipureta. Akanyoosha kidole kimoja, akakirudisha. Mwisho akaniambia nirudi mezani kwangu, kuna barua za wateja zinangoja.

Nikaibeba mashine yangu nikatoka. Jumapili iliyofuata tuliongeza mtu wa sita.