Mafuta Yasiyochacha

Nakumbuka siku moja ya mwaka ule tuliokula ugali wa unga wa njano, ule tuliouita yanga, asubuhi yanga, jioni yanga. Nilikuwa mzazi mpya hapa Masanze, na mwanangu wa kwanza, Saidi, alikuwa anakaribia arobaini yake. Mume wangu, aliyefanya kazi reli, akaniletea kopo la losheni kutoka mjini. Losheni! Wenzangu walinuka mafuta ya ufuta, mimi nikanukia kama bibi harusi.

Sikiliza mwanangu, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Lakini wakati ule nani angeniambia? Aliyemwogesha mtoto ni mama mkwe, mwanamke mfupi, viganja vigumu kama mpini wa jembe, ila mtoto akiwa mikononi mwake halii. Nikampa kopo huku najisifu: "Mama, haya hayachachi. Yanakaa miezi, yako vilevile."

Akanusa. "Ufuta wangu unachacha. Maziwa yanachacha. Mimi mwenyewe nikifa nitaoza. Hiki kimewekewa nini?"

Nikaligeuzageuza kopo, kusoma sijui. Akanirudishia.

"Sipaki. Ngozi ya mtoto si ya kujaribia."

Nikamwona mshamba. Alipokwenda kupalilia, nikampaka Saidi mwili mzima, nikarudia tena, ili wageni wa arobaini wamkute anang'aa. Kulipokucha ngozi imevimba, vipele hadi kwenye mikunjo ya shingo, mtoto analia mpaka sauti inamkauka. Mama mkwe hakunitukana. Alimwosha kwa maji matupu, akamfunga mgongoni, akatembea naye kwa miguu hadi hospitali Kilosa, mimi nyuma nalia. Daktari akasema kopo litupwe. Ngozi ikapona taratibu. Siku ya arobaini mtoto alikuwa amepauka kama majivu, na mama mkwe akawaambia wageni, "Amepauka, lakini yupo." Mpaka leo sijaona mtu kama yule.

Jibu la swali lake nimelipata juzijuzi, kwa mjukuu wangu Zuhura, nesi kule Mikumi. Mimi shule niliichungulia dirishani; yeye anasoma vile viherufi vya nyuma ya chupa, vidogo kama mayai ya chawa.

"Bibi," anasema, "kinachozuia kuchacha ni vihifadhi. Vina kazi yake, bila hivyo losheni huota ukungu. Lakini vingine huwasha ngozi, na vingine wataalamu bado wanavichunguza kama vinadhuru mwili. Halafu usijidai, hata ufuta wako ukichacha si wa kupaka."

Nikacheka. Hiyo ni damu ya mama mkwe, haimwogopi mtu, hata mimi.

Basi mwanangu, sikukatazi kunukia. Kipya usikimwage mwili mzima. Paka kidogo mkononi, ungoje siku kadhaa. Kikikuwasha, acha, nenda hospitali. Kopo lisilo na maandishi usinunue, hata muuzaji wa stendi ya Dumila akikuapia kwa mama yake mzazi, kibaya chajitembeza. Mtoto mchanga ndiyo kabisa, usimpake kitu kabla hujauliza wanaojua.

Mungu aitunze ngozi yako mpaka ikunjamane kama yangu, tena ikunjamane kwa kucheka. Na ukijaliwa mtoto, wakikuletea chupa ya zawadi siku ya arobaini yake, pokea, shukuru, kisha uwajibu kama alivyojibu yule mama wa Masanze:

"Sipaki. Ngozi ya mtoto si ya kujaribia."