Usevya Fujo Jazz na Ng'ombe Waliokuja Kusikiliza

Ulikuwa mwaka wa yanga. Nyie wa umri wangu mkisikia tu jina hilo mnakunja uso. Ule unga wa mahindi ya njano wa msaada, ugali wake unanuka gunia, na ukipoa unaweza kumpigia mtu akazimia. Sisi wakulima wa mpunga wa Usevya tulikula yanga kwa sababu kwelea kwelea walishuka kama wingu wakatuachia mabua matupu. Msimu uliofuata baba akatuita mimi na kaka yangu Deo, akasema, "Safari hii ndege akionja punje moja, nyie hamtaonja hata moja."

Basi tukahamia dunguni, kile kichanja kirefu cha miti katikati ya shamba. Nikifumba macho narudi kulekule: ukungu umelala juu ya mpunga, tope linanukia, kiboko anakoroma huko mtoni kama mzee aliyeshiba, na jua linakuja polepole kana kwamba halina kazi. Kazi tulikuwa nayo sisi. Toka alfajiri mpaka machweo ni kupiga kelele na kugonga mabati. Ukipiga kelele siku nzima, siku ya tatu koo lenyewe linaanza kutafuta wimbo.

Deo alitengeneza gitaa kwa galoni la mafuta, ubao, na nyaya za breki za baiskeli. Nyamizi alikuja na debe. Huyu alikuwa binti wa jirani yetu Mzee Masanja, aliyehamia na ng'ombe wake kutoka Usukuma. Alishika vipande viwili vya mchi, na hakulipiga lile debe, aliliadhibu. Mimi nilikuwa sauti. Mama alisema sauti yangu inakoboa mpunga bila kinu, na wala hakuwa ananisifia.

Enzi hizo kila bendi ilijiita Jazz, na sisi tukajiita Usevya Fujo Jazz. Wimbo wetu mkubwa ulikuwa na maneno matano: "Tokeni, wezi wenye mabawa, tokeni!" Mwisho wake Deo alikwaruza nyaya kwa kijiko mpaka zikalia kama nguruwe anayechinjwa. Ndege walitoka! Walikimbilia mashamba ya wenzetu, na wenzetu wakaja kutuomba tukapige kwao. Tulilipwa kambale wa kuchoma na viazi vitamu vyenye majivu, tukala kwenye tuta miguu ikining'inia majini. Tukaitwa mpaka harusini. Katekista aliziba masikio, bibi harusi akacheza hadi kiatu kikamtoka, na bibi mmoja akasema, "Hii si ngoma, hii ni ajali." Tulilala tunalirudia neno hilo kwa raha.

Leo naishi mjini, Ilembo, na mjukuu wangu ana bendi. Muziki wao wa magitaa na makelele wanauita panki. Suruali wamezichana kwa makusudi, halafu wamezibana na pini! Zetu zilichanika zenyewe, na mama alishona. Akaniambia, "Bibi, Katavi nzima sisi ndio wa kwanza kupiga fujo hivi."

"Wa kwanza nani?" nikamwambia. "Kawaulize kwelea kwelea."

Wanapiga vizuri, siwanyimi haki yao. Ila umeme ukikatika na bendi imekatika. Juzi spika iliungua, na kila mmoja akamsukumia mwenzake lawama, si mimi ni yule, mpaka kwenye simu wakaandikana maneno. Bendi imekufa. "Ndiyo maisha, bibi," ananiambia, na maziwa ya kunyonya hayajamkauka mdomoni. Yetu pia ilikufa. Lakini haikufa hivyo.

Mpunga ulikuwa umeinama, wa dhahabu, bado wiki moja tuvune. Nilichoka na mdundo wetu wa kila siku. Kwa kina Nyamizi nilikuwa nimesikia Mzee Masanja akigonga debe kuwaita ng'ombe waje kulamba magadi, ko-ko-ndii, ko-ko-ndii, mdundo mtamu hadi unausikia tumboni. Nikamwambia Nyamizi, "Nipigie ule wa kwenu."

"Ule wa ng'ombe, Tereza."

"Ng'ombe wako mbali. Piga, bwana!"

Akapiga. Nikafumba macho, nikaimba, na dungu likatikisika kama linataka kuruka. Sikuwahi kuimba vile, wala sijaimba tena. Nilipofumbua macho niliona pembe zinaelea juu ya mpunga. Ng'ombe wa Mzee Masanja, wote, wanakimbia kama watu waliochelewa misa. Wakalizunguka dungu, wakainua nyuso, wakatuangalia kwa adabu, wanasubiri magadi. Deo hakuacha hata kupiga. Majaruba mawili ya mpunga yalilala chini.

Bendi ilikufa siku ileile, na debe likarudi kuchotea maji. Nilichapwa, na miezi ya mwisho kabla ya mavuno mapya tulikula mara moja kwa siku. Lakini Nyamizi hakuhama. Tumezeeka tunaazimana chumvi, na alipofariki mimi ndiye niliyemfunga kanga. Leo mtu anaporusha lawama kwa mwenzake kwa kidole kimoja juu ya kioo cha simu, mimi nauona uwanja wetu jioni ile.

Baba alikuwa amewaita wazee. Alisema Masanja amemfundisha binti yake kuita ng'ombe waje kula mpunga wa watu, na kama ni kweli, alipe mpunga ulioharibika, kisha aondoke Usevya na nyumba yake yote. Kilichobaki ni neno langu. Nyamizi alisimama nyuma ya baba yake, ananiangalia. Deo anaangalia vidole vyake vya miguu.

"Tereza," baba akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole, ndiyo iliyonitisha. "Sema alikusudia. Neno moja tu, ukalale."

"Sisemi, baba. Mdundo ule niliuomba mimi."

Wazee wakakohoa. Baba akachukua fimbo, akailaza magotini.

"We mtoto, unataka njaa irudi humu ndani kwa ajili ya mtoto wa mtu? Nakuuliza mara ya mwisho."

"Sisemi, baba. Mdundo ule niliuomba mimi."