Mtambo wa Mama Waya Ulikuwa Mzima

Mke wangu alikuwa fundi redio. Watu walimwita Mama Waya, hata wale waliomzidi umri. Watoto hatukujaliwa.

Naandika habari zake kwa sababu kuna jambo linasemwa juu yake na si kweli. Linasemwa kazi yake ya mwisho ilimshinda. Haikumshinda.

Alianza kwa kufagia. Karakana moja ya redio ilitaka mtu wa kufagia, wakamchukua yeye, msichana wa miaka kumi na sita. Alikuwa akiokota skrubu sakafuni na kumrudishia mwenye karakana, na kila skrubu alijua imedondoka kutoka redio ipi. Mwenye karakana akamwambia, "Wewe fagio umelipita. Vuta kigoda ukae hapa." Akakaa pale miaka kumi na moja.

Mimi ni mpaka rangi. Nilimfahamu siku redio yangu ilipokata sauti nikaipeleka. Aliifungua, akainusa.

"Hii redio nani kaipaka rangi?"

"Mimi. Ilikuwa imechakaa."

"Umepaka mpaka spika."

"Kidogo tu."

"Kidogo! Bwana wewe, umeizika hai."

Wiki iliyofuata nilirudi na redio ya jirani, nzima kabisa. Akaifungua, akaifunga, akanitazama. "Hii haina ugonjwa. Mgonjwa ni wewe." Tukaoana mwaka ule ule. Mwenye karakana alipofariki, akahamishia meza yake chumbani kwetu, kando ya dirisha. Hapo ndipo alipofanyia kazi miaka yote. Redio, baadaye televisheni, baadaye simu. Mimi nilimwita Fundi, ndani na mbele za watu.

Alipofikisha miaka hamsini na nane mishipa ya fahamu ikaanza kumsumbua. Daktari aliutaja ugonjwa kwa jina refu, sikulishika. Nilichoshika ni kwamba joto ndilo adui. Chumba kikipata joto miguu inalegea, macho yanaona vitu viwili viwili, vidole havishiki. Kikipoa anarudi. Lakini baridi nayo ikizidi, misuli inakaza kama kamba iliyolowa. Alitakiwa akae katikati, na hiyo katikati ilikuwa nyembamba.

Mimi asubuhi nakwenda kupaka nyumba za watu. Yeye anabaki peke yake. Joto likimkuta mezani, hawezi tena kunyanyuka kuwasha feni. Tukiiacha feni imewaka tangu alfajiri, anakakamaa kabla ya saa tatu. Alianguka mara mbili. Mara ya pili aliyemkuta sakafuni ni dada yake mkubwa.

Shemeji yangu huyo hana maneno mengi. Ana nyumba iliyojaa wana, wakwe na wajukuu. Alivuta kiti akaketi mbele ya mdogo wake.

"Unahamia kwangu. Kwangu kuna watu mchana kutwa."

"Kwako kuna meza, dada?"

"Ya kulia chakula ipo."

"Mimi nataka ya kazi."

"Kazi ipi, mdogo wangu? Kikombe chenyewe unakishika kwa mikono miwili."

Mke wangu alitazama chini. Nilidhani atalia. Akasema, "Nipe miezi miwili. Nitatengeneza kitu cha kunitazama mume wangu akiwa kazini."

"Na ukianguka tena?"

"Nikianguka tena nikiwa peke yangu, nitahama. Sitabisha."

Wakapatana hivyo, mimi nikiwa shahidi.

Alikuwa na nguvu tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa tatu. Baada ya hapo vidole vilikataa. Kwa hiyo mtambo ule aliutengeneza kwa saa tatu tatu. Alikuwa na laptopu iliyotelekezwa na mteja, akaifufua. Akawa anasoma kwenye simu, anaandika maagizo kwenye laptopu, anafuta, anaandika tena. Vifaa alinituma mimi, na karatasi yenye mchoro wake. Nilikuwa namwonyesha muuza vifaa mchoro, naye anacheka, "Mzee, Mama Waya anatengeneza ndege?"

Siku moja nilimletea kijidude cheusi chenye miguu ishirini na minane, kama jongoo.

"Unajua hii ni nini?" aliniuliza. "Hii ni kompyuta nzima."

"Kioo chake kiko wapi?"

"Haina kioo. Haina haja ya kukuona wewe."

Akaniwekea kiganjani kijidude kingine, miguu mitatu, kichwa kama nusu ya njegere. "Na hii ni pua yake. Ndiyo inayonusa joto. Kompyuta inaiuliza kila sekunde, vipi huko? Pua ikijibu ishirini na saba, feni inawaka, na pampu inamwaga maji kwenye gunia la dirishani, upepo uingie wa ubaridi. Ikijibu ishirini na nne, vyote vinazima. Ikishuka ishirini, hita inawaka."

"Kwa nini isizime hapo hapo kwenye ishirini na saba?"

"Itakuwa inawaka na kuzima kama mtu mwenye kwikwi. Lazima iachiwe nafasi."

Pua hakuiweka popote tu. Alipima chumba kwa wiki mbili. Juu, chini, mlangoni, dirishani, kitandani. Mimi nilikuwa nikishika kipimajoto anaponiambia, yeye anaandika kwenye daftari. Mwishowe alichagua mahali pamoja, ukutani kando ya meza, usawa wa kifua chake akiwa ameketi. Akanipa misumari miwili midogo niigongelee hapo. Waya ulining'inia umepindapinda mpaka kwenye boksi la mtambo. Juu ya boksi kulikuwa na kidirisha chenye namba nyekundu zinazotaja joto la chumba.

Kwangu mimi waya ule ulikuwa mbaya kutazama. Sikusema.

Shemeji alikuja kukagua siku miezi miwili ilipotimia. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali. Alikaa akijipepea kwa ncha ya khanga. Namba zikapanda, ishirini na sita, ishirini na saba. Ndani ya boksi kitu kikalia tak. Feni ikaanza kuzunguka, maji yakashuka kwenye gunia.

"Nani amewasha?"

"Umejiwasha wenyewe, dada."

"Mchawi wewe."

"Mchawi wa waya."

Shemeji alikaa mpaka feni ikazima yenyewe. Akanyanyuka. Mlangoni akasema, "Haya. Kaa kwako."

Zikafuata wiki saba nzuri. Sina wiki nyingine za kulinganisha nazo. Nilikuwa narudi jioni namkuta mezani, moshi wa kulehemu unapanda, redio ya mtu imefunguliwa tumbo wazi mbele yake. Wateja walirudi. Alikuwa ananilalamikia kwamba nachelewa, kama zamani.

Kisha akatakiwa kwenda kulazwa siku mbili kwa vipimo. Dada yake alikwenda kukaa naye. Mimi nikaona nimfanyie jambo. Nilichukua rangi nyeupe ya mafuta, nzuri, iliyobaki kwenye kazi ya tajiri mmoja, nikapaka chumba kizima. Weupe unasukuma joto, hilo nalijua.

Ili kupaka ukuta niliing'oa ile misumari miwili na kuishusha pua.

Nimepaka nyumba kwa miaka arobaini. Waya ninaoukuta naufuata mpaka mwisho, naupitisha chini, naubana kwenye pembe, nauficha. Mwenye nyumba hataki kuona waya. Mkono wangu haujui kazi nyingine. Rangi ilipokauka sikutaka kupiga misumari kwenye ukuta ule safi. Nikaupitisha waya chini pembeni ya sakafu, umenyooka vizuri, na pua yenyewe nikaiweka nyuma ya pipa la maji kwenye kona, isionekane. Nilitazama namba, zikaonyesha ishirini na mbili. Nikasema mtambo unafanya kazi.

Nilishika kipimajoto wiki mbili, nikamwona akiandika kwamba chini na juu havilingani. Niliona tu. Sikuelewa.

Alirudi jioni, amechoka. Taa ilikuwa hafifu. Akapitisha kiganja ukutani. "Mzee wa Brashi," akasema, "leo nimelala harusini." Akalala.

Kesho yake nikaenda kazini. Lilikuwa joto la kuyeyusha lami.

Niliporudi saa kumi na moja jioni alikuwa sakafuni, kati ya meza na kitanda. Feni imesimama. Gunia kavu kabisa. Chumba kilikuwa kama tanuri, na namba nyekundu zilisema ishirini na tatu.

Nilimwinua nikamnywesha maji. Sauti ilikuwa imemkauka.

"Inasema ngapi?"

"Ishirini na tatu."

"Tangu asubuhi inasema hivyo. Nilisikia joto. Nikatazama namba. Nikasema chumba kiko sawa, ni mwili wangu ndio umeharibika zaidi. Nikaendelea kukaa." Alifumba macho, akayafumbua. Akautazama ukuta kando ya meza, mahali pa misumari. "Pua umeiweka wapi?"

Nikamwonyesha pipa. Kule nyuma, chini, pua ilikuwa inanusa ubaridi wa maji tu.

Akaufuata waya kwa macho mpaka kwenye kona.

"Umefanya kazi safi," akasema.

Mpaka leo sijui alimaanisha nini.

Shemeji alifika kabla hatujapata gari la kumpeleka hospitali. Akamwona, akatazama feni, akatazama boksi.

"Mtambo wako umekushinda?"

Nilifungua mdomo. Mke wangu akanitangulia.

"Umenishinda, dada. Nilikosea hesabu."

"Nilikuambia."

"Uliniambia."

Nilikuwa nimeshika kikombe cha maji, nikaendelea kukishika.

Kutoka hospitali hakurudi nyumbani. Alipelekwa moja kwa moja kwa dada yake, kama alivyoahidi. Hakubisha. Wakampa chumba cha nyuma chenye feni ya darini iliyozunguka mchana kutwa, kwa sababu kila anayepita alidhani anamsaidia akiiwasha. Misuli ikakaza. Wajukuu walikuja kumsalimia, wakamwonyesha michezo kwenye simu zao. Shemeji alimtunza vizuri. Alimwogesha, alimlisha, hilo siwezi kulikana. Lakini kila mgeni alipokuja aliambiwa habari ya mtambo. "Mdogo wangu alijitengenezea mashine. Ikamwacha aive." Watu walitikisa vichwa. Wengine walicheka kidogo, si kwa ubaya. Mke wangu alikuwa hapo hapo kitandani, anasikia.

Nilikwenda kila jioni baada ya kazi. Siku moja tulibaki wawili.

"Nataka kumwambia shemeji," nikasema.

"Umwambie nini?"

"Kwamba ni mimi. Kwamba mtambo ulikuwa mzima."

"Usimwambie."

"Wanakucheka, Fundi."

"Wanacheka, ndiyo." Alivuta pumzi. "Dada yangu namjua. Ukimwambia, hutaingia tena kwenye nyumba hii. Nami sitaweza kuja ulipo. Sasa chagua."

Nikachagua. Niliendelea kwenda kila jioni, nakaa kwenye kigoda kando ya kitanda, nasikia mtambo ukitukanwa, nasema, "Ndiyo, shemeji."

Nilimletea redio moja ndogo, nikaifungua mbele yake anielekeze. Alitaka vidole vyangu viwe vyake. Alisema gusa pale, si hapo, pale, kushoto. Vidole vyangu vimezoea brashi. Nilikata waya usiotakiwa kukatwa. Akasema, "Basi, funga." Hakuomba tena.

Miezi minne baadaye kifua kikambana. Siku ya tatu akafariki.

Sikwenda kwa shemeji kwa wiki kadhaa. Nilipokwenda nilimkuta uani anaanua nguo. Nilimsalimu, akanikaribisha vizuri, akaniuliza ninakula nini. Nikamwambia nimekuja na neno. Nikamweleza lote, misumari, rangi, waya, pipa. Nilisema bila kupumzika ili nisikatishwe. Nilitegemea anifukuze. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa, na kwa kweli ndicho nilichotaka.

Alibaki ameshika shuka mkononi.

"Kwa hiyo mtambo haukuwa mbovu."

"Ulikuwa mzima."

"Ungerudishia ile pua mahali pake..."

"Ungefanya kazi."

"Kama zile wiki saba."

"Kama zile wiki saba, shemeji."

Alianza kuikunja shuka. Aliikunja mara mbili, ikapinda, akaikunjua.

"Basi angebaki kwake," akasema. "Sikuwa na sababu ya kumtoa."

Nikamwambia kosa ni langu, yeye hakujua. Hakuwa ananisikia. Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, shuka mapajani.

"Aliniomba meza," akasema. "Mwezi wa pili tangu ahamie hapa. Aliniomba hata ubao juu ya matofali. Nikamwambia, ili uchome nini tena?"

Hilo mimi sikulijua. Mke wangu hakuwahi kunieleza.

Nilikaa naye mpaka mkwewe mmoja alipokuja kuulizia nguo za watoto. Nikaaga. Tangu siku hiyo shemeji hawaambii tena wageni habari ya mtambo, nimesikia. Hasemi habari yoyote. Anakaa chumba cha nyuma, na wakwe wananitumia ujumbe kuniuliza nilimwambia nini.