Mwalimu Dorothée na Watoto wa Zamu

Dorothée hakuwa mtu wa kutulia hata kabla ya vita. Mama yake, kule Lubondja, alizoea kusema kwamba binti huyo alizaliwa akiwa amesimama. Kijiji kilipochomwa, mwaka wa tisini na tisa, alishuka mpaka mji wa Baraka, kando ya ziwa, na mfuko wa nguo na cheti chake cha ualimu, na tangu hapo hali ikazidi. Alikula akiwa mlangoni. Alisahihisha madaftari huku sikio moja likiwa milimani, apate kujua kama kishindo kile ni radi au ni kitu kingine. Mumewe, Placide, alikwisha kuvuka ziwa na kuingia kambini Tanzania, na kila aliyerudi kutoka huko alileta maneno yale yale: vuka, unangoja nini?

Mwenyewe hakujua vizuri anangoja nini. Alipewa darasa la tano katika shule ya mabati iliyo karibu na njia ya kwenda Nundu, na lililomnyima raha hapo ni mabenchi matupu. Leo mtoto yupo, kesho hayupo. Nao waliokuwepo, jua likipanda kidogo tu, vichwa vyao vililala juu ya mikono. Aliwaamsha kwa nyimbo, kwa maswali, kwa kuwasimamisha. Walisimama wakiyumba.

Mkuu wa shule, Bwana Anatole, alikuwa mtu mnyofu na mkali. Kila asubuhi alisimama kwenye mlango wa kiwanja, shati lake jeupe limepigwa pasi, akimrudisha nyumbani kila mtoto asiyevaa bluu na nyeupe.

"Vita imetunyanganya vitu vyote," alikuwa akisema. "Heshima, hapana."

Kati ya waliokuwa wakipotea na kurudi alikuwamo Husna, msichana mwepesi wa hesabu, ambaye jibu lake lilitoka kabla mwalimu hajaiweka chaki chini. Siku moja alikuwepo, siku ya pili hayupo, siku ya tatu anarudi akiuliza wamefika wapi. Dorothée aliona wazi kwamba mama wa Husna anamtumikisha. Basi mchana mmoja, masomo yalipoisha, hakwenda kula. Alikwenda moja kwa moja nyumbani kwao, maneno yamemjaa mdomoni.

Mama wa Husna, Mwanahamisi, alikuwa akianika ndagala, vile visamaki vidogo vya ziwa, juu ya mchanga kando ya nyumba.

"Mama Mwalimu, karibu. Kiti haiko. Kaa apa ku mukeka."

"Sikae. Husna iko wapi? Unamutuma ku kazi, na ule mutoto iko na akili."

Mwanahamisi alijipangusa mikono, akasogeza pazia la mlango. Ndani, Husna alikuwa amejifunga shuka la kitanda kutoka kifuani, kipande cha mkaa mkononi, akipiga hesabu za kugawanya kwenye ukuta wa udongo. Ukuta ulikwisha kujaa mpaka usawa wa kichwa chake.

"Leo ni siku ya Zaina," mama akasema, "mudogo wake, wa darasa la tatu. Inifome iko moya. Huyu akivaa, ule anabakia. Zaina inamuzidi, namukunjia na pini. Ile ingine ilibakia ku njia, siku tulikimbia."

"Na chakula?"

"Mara moya. Magaribi."

Husna aligeuka. "Mwalimu, leo mulisoma nini?"

Dorothée akakaa kwenye mkeka bila kukaribishwa tena.

Kutoka pale alikwenda kwa Anatole, akamkuta akifunga ofisi. Alimweleza yote, akiketi, akiinuka, akiketi tena.

"Directeur, haba batoto si bavivu. Bako nyumba, nguo hakuna, banangoya zamu."

"Nikiachia mumoya, kesho bote banakuya na vikwembe. Ile itakuwa tena masomo ao soko?"

"Itakuwa masomo yenye iko na batoto ndani."

Anatole alitazama funguo zake. "Sheria ni sheria, Mwalimu."

"Basi mi nitabafuata kwabo."

Akawafuata kweli. Kila alasiri alipita nyumba hadi nyumba na kipande cha ubao kwapani, akifundisha uani, kando ya ndagala, penye moshi wa jiko. Lakini nyumba zilikuwa nyingi kuliko miguu yake, na njaa haifukuzwi kwa ubao. Ndipo alipokumbuka shamba la shule, nyuma ya madarasa, lililomezwa na magugu tangu watu waanze kukimbia. Alimwomba Anatole ruhusa. Safari hii Anatole hakupinga. Kilimo ni somo. Wakapanda viazi vitamu, maana havikawii. Mwanahamisi alileta sufuria yake kubwa, na akina mama wengine wakaahidi kila mmoja gao la ndagala.

Kila asubuhi, kabla ya kengele, Dorothée alikwenda kuchungulia udongo. Hakuwa na raha. Alihisi anawapandia watu wenye bunduki.

Na ndivyo ilivyokuwa. Viazi vilikuwa vimeanza kupasua udongo milio iliposikika milimani, karibu mno, na mji mzima ukamiminika kuelekea kwenye matete ya ziwani. Waliporudi, shamba lilikuwa limefukuliwa lote, nusu ya mabenchi yamechomwa kuni, na nyumba nyingi zimeporwa mpaka sufuria. Ya Anatole pia. Dorothée alisimama shambani akageuza udongo kwa mguu, kisha akaanza kuokota mashina ya viazi yaliyotupwa. Yalikuwa bado mabichi. Yangeweza kupandwa.

Siku shule ilipofunguliwa, watoto walikuja na walichokimbia nacho: kitenge cha mama, shati la baba lililofika magotini. Anatole alisimama mlangoni pake palepale, amevaa jezi ya mpira ya njano aliyopewa na jirani, imempwaya mabegani. Husna na Zaina walikuja pamoja kwa mara ya kwanza, Husna na ile nguo ya shule, Zaina na kitenge. Zaina alipomwona mkuu alianza kurudi nyuma.

Anatole aliwatazama kitambo. Kisha akajitazama.

"Muingie," akasema. "Bote."

Baadaye alimwendea Dorothée shambani. "Ile sheria ya nguo tutaiacha mupaka vita iishe."

"Na ikiisha?"

"Ikiisha tutasemezana."

Wakapanda upya, safari hii katikati ya madarasa, mahali ambapo mpita njia haoni. Watoto waliokuwa na kazi ya kuanika samaki asubuhi wakafunguliwa masomo ya mchana. Viazi vilipokomaa, sufuria ikawekwa jikoni kila siku, na vichwa vikaanza kuinuka kutoka kwenye mabenchi. Si vyote. Wavulana wawili wa darasa lake waliondoka na wenye bunduki, na hakuna sufuria iliyowarudisha. Dorothée aliendelea kuwatafuta kila kundi la askari lilipopita, akisimama kando ya njia na kuzitazama sura.

Husna alifaulu mtihani wa darasa la sita, na Zaina akamfuata.

Kutoka kambini, mwanamke aliyevuka na mtumbwi wa injini alimletea Dorothée habari kwamba Placide ameoa. Alizipokea kiwanjani mwa shule, kengele ya mchana ikilia. Alisema asante, akaingia darasani, akaanza kusoma imla. Akasoma mbio mbio, akikata maneno, mpaka watoto wakaacha kuandika.

"Mwalimu, pole pole," mmoja akasema.

Dorothée akarudi mwanzo wa sentensi, akaisoma tena, huku akitembea kati ya mabenchi.