Niliwapa Watu Dua ya Mama Waicheke

Dada mwenye ukurasa, naomba ufiche jina langu na la shule, maana Watanzania wa Arlington tunajuana. Nina miaka kumi na minane na nimemaliza sekondari mwezi uliopita. Naishi na mama yangu tu. Tulikuja Texas nikiwa na miaka kumi na mitano, na yeye anafanya kazi ya kutunza wazee, zamu mbili karibu kila siku. Mimi ni mtu wa aibu sana. Kwa miaka miwili nilikuwa nakula chakula cha mchana maktaba ili nisionekane nimekaa peke yangu. Kuna mwalimu alinifundisha mwaka mzima, na siku ya mwisho akanikabidhi karatasi za mwanafunzi mwingine akidhani ni zangu.

Mwaka huu nilipata rafiki mmoja. Nitamwita Tasha. Ni Mmarekani mweusi, mcheshi, hamwogopi mtu. Alikuwa anaandika mchezo wa kuigiza wa vichekesho kuhusu makauboi. Alisema amechoka na filamu za makauboi ambazo mtu mweusi hayumo, au yumo ili achekwe. Katika mchezo wake mjinga ni sherifu, askari mkuu wa mji, anayeogopa kila asiyefanana naye. Anakuja mpishi kutoka Afrika, anasema maneno mawili matatu ya kwao, sherifu anadhani amelogwa, anazimia.

"Tunamcheka yeye na woga wake," Tasha aliniambia aliponipa nafasi ya mpishi. "Mwenye akili pale ni wewe."

Nilielewa, na mpaka leo naamini alikuwa anasema kweli.

Shida ilikuwa maneno. Kwenye karatasi yangu aliandika tu, "Mpishi anaongea Kiafrika." Nilimwambia hakuna Kiafrika, mimi najua Kiswahili. "Basi sema chochote, shosti, nani atajua?" Nikashindwa kubuni laana, kwetu hatulaani. Kitu pekee nilichoweza kukitamka mbele ya watu bila kutetemeka ni maneno ambayo mama alinisemea mlangoni kila asubuhi, mkono wake kichwani kwangu: "Mungu akutangulie, akufunike, akurudishe salama." Nikayasema hayo kwa sauti nzito, macho nimeyatoa kama nilivyoelekezwa, shingoni mkufu wa mifupa ya plastiki. Siku ya mazoezi wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Tasha alinikumbatia. Sitaficha, nilifurahi.

Mama nilimwambia tu kwamba nimepata nafasi ya kuigiza. Alifurahi kuliko mimi. Akapiga pasi kanga yake mpya ili nivae, akabadilishana zamu na mwenzake, siku ya onyesho akaja akiwa na sare ya kazini, akakaa safu ya tatu.

Nilipotamka "Mungu akutangulie," ukumbi mzima ukalipuka kwa kicheko. Nikaendelea. Nilipofika "akurudishe salama," nikasikia sauti ya mama, kubwa na wazi, ikiitikia: "Amina."

Hakukusudia. Ni mazoea tu, ukisikia dua unaitikia. Watu wakadhani yeye naye ni sehemu ya mchezo. Wakageuka, wakampigia makofi, na mzee mmoja akairudia ile "Amina" akiiga lafudhi yake. Ndipo sherifu akazimia, lakini hakuna aliyekuwa anamtazama. Mama akatabasamu lile tabasamu analowapa wagonjwa wasumbufu, kisha akainamisha kichwa.

Ndani ya gari nilijitetea. "Mama, ni vichekesho tu. Wanacheka ujinga wa sherifu."

"Sherifu nilimwona. Alikuwa bado hajaanguka."

"Tasha ameandika kwa nia nzuri."

"Sijamsema Tasha." Akasimamisha gari kwenye taa nyekundu. "Kazini wakicheka ninavyoongea, najiambia hawaelewi ninachosema. Wewe ulikuwa unaelewa, mwanangu."

Hakunigombeza. Ingekuwa heri anigombeze. Tangu siku hiyo asubuhi ananiambia, "Haya, mimi natoka," kisha nasikia gari linaondoka. Mkono kichwani haupo tena, nami naona aibu kuuomba.

Sasa mchezo umealikwa Houston, kwenye tamasha la vikundi vya vijana, wiki mbili zijazo. Nilimwomba Tasha aitoe sehemu yangu au aibadilishe.

"Hapo ndipo wanapocheka kuliko pote," akasema. "Ukiitoa, mchezo umekufa."

"Wananicheka mimi, Tasha."

"Wanamcheka sherifu!"

"Mbona walianza kabla hajafanya kitu?"

Tasha akaanza kukusanya karatasi zake. Kisha akasema, "Nimeandika kwa ajili yetu." Nikamuuliza, "Sisi akina nani?" Akaondoka. Jana akanipigia simu, sauti ya upole, akasema anahitaji kujua kabla ya Ijumaa kama nitakwenda au atafute msichana mwingine.

Jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote ni kwamba nataka kwenda. Baada ya mchezo ule wanafunzi walinisalimia koridoni kwa jina langu, wakajitahidi kulitamka vizuri. Nililisikia mara nyingi wiki ile kuliko miaka yote niliyosoma pale. Nikikataa, Tasha ataniacha, na mwezi wa nane wote wanakwenda vyuoni, sijui nitaongea na nani. Nikikubali, mama hatanizuia. Atanifungia chakula cha safari na hatasema neno, na hicho ndicho kinachoniogopesha.

Wazazi mnaolea watoto huku ugenini, na nyinyi mliowahi kuchekwa mkajikuta mnacheka pamoja nao, nisaidieni kabla ya Ijumaa. Nimjibu nini Tasha? Na mama nimwendee nikianza na neno gani?