Ndizi za Moto Juu ya Barafu

Mama yangu mkubwa alifundisha sayansi hadi akastaafu. Nalisema hilo mapema kwa sababu mpaka leo linanichosha akili.

Mama alikuwa Sengerema, insulini yake imekwisha tangu jana yake. Nilinunua chupa mbili mjini Mwanza, nikazilaza kwenye deli dogo lenye barafu, nikapitia Butimba kumsalimia dada yake. Nikaenda chooni. Dakika mbili tu! Niliporudi nikalikuta deli limefungwa vizuri, nikaaga, nikakimbilia kivuko.

Tulipofika Kamanga nililinyanyua, nikasikia maji yakicheza ndani. Nikafungua. Kifurushi cha ndizi, kimefungwa kwa majani ya mgomba, kimezilalia chupa zangu. Kilitoka jikoni moja kwa moja. Barafu yote ilikuwa imeyeyuka, ndizi zimepoa, dawa imepata joto. Kila kimoja kimemwachia mwenzake alichokuwa nacho, vyote vimekuwa vuguvugu. Nilitaka kulitupa deli ziwani. Kwetu Wahaya mgonjwa haendewi mikono mitupu, najua. Lakini mikono ninayo miwili!

Muuguzi, jirani wa mama, alizipapasa chupa, akatikisa kichwa. "Zimelaliwa na kitu cha moto. Hizi simchomi."

Mama hata hakumsikiliza. Aliuliza nani amepika, akamega kipande kimoja, akafumba macho. "Usimwambie dada yangu," akasema. "Ataacha kupika."

Nikageuza na kivuko, nimevimba kwa hasira. Nikanunua dawa nyingine, nikapita tena Butimba kuchukua barafu kwenye friji yake. Nikamkuta anamenya ndizi, sufuria iko jikoni.

"Alikula?"

"Alikula, mama."

"Basi ngoja kidogo, hizi hazichukui muda."

"Nitazipakata mapajani," nikasema, na sauti ikanitoka kali kuliko nilivyotaka. "Kwenye deli usiweke kitu."

Akanitazama. Akalitazama deli, kisha mfuko mpya wa duka la dawa mkononi mwangu. Kisu kikasimama. Mwalimu hakuhitaji kuelezwa.

"Ziliharibika?"

Alizima jiko, akabaki amenipa mgongo.

"Kwa hiyo mdogo wangu," akasema taratibu, "ameshinda kutwa bila sindano?"