Miaka Saba Aliyoificha Katoto

Ukitaka kumkasirisha Zénon, mwambie mpira wa siku hizi ni mzuri kuliko wa zamani. Ukitaka kumfurahisha, mwulize kuhusu fainali ya mwaka hamsini na nane. Ila kabla ya kuuliza, hakikisha umeshiba na huna safari, maana hadithi ile haina njia ya mkato.

Usumbura, enzi za Wabelgiji. Kiwanda cha pamba kina timu, na wachezaji wake hawagusi pamba hata kidogo. Wanalipwa mshahara kamili kwa kupiga mpira tu. Zénon ni winga wa kulia, mfupi, mwembamba, uso laini kama sahani. Fainali ni dhidi ya timu ya Bukavu, iliyovuka mpaka na golikipa wake Sébastien, kijana mrefu aliyetamba msimu mzima. Zénon akamfunga mabao matatu. Kesho yake mji mzima unaimba: mtoto wa miaka kumi na tano! Tangu siku hiyo jina lake likawa Katoto.

Sasa, hiyo kumi na tano. Zénon alikuwa na miaka ishirini na miwili. Meneja wa kiwanda, mtu wa kupenda maajabu, ndiye aliyemkata miaka saba kwenye kadi ya uchezaji, akamwonya asionekane na ndevu hadharani. Basi Katoto akawa ananyoa kila asubuhi, mlango umefungwa, akitoka nje anajifanya hata wembe haujui. Alicheza mpaka goti la kulia likagoma. Mwaka sabini na mbili, damu ilipomwagika nchini, yeye na mkewe Emérithe wakakimbia, na karatasi pekee mfukoni mwake yenye picha ilikuwa kadi ile ile. Katika kambi ya wakimbizi wakanakili tarehe ya kuzaliwa iliyokuwa kwenye kadi. Mwaka 2001 wakaletwa Stockholm, na Waswidi, watu wa kuamini karatasi, wakaiweka tarehe hiyo mwanzoni mwa namba yake ya utambulisho.

Hapo mwanaume mwingine angefungua mdomo. Zénon alikuwa na sitini na mitano, umri wa kupumzika. Sweden ikamwona wa hamsini na minane, ikampa ufagio. Akafagia vituo vya treni miaka saba mizima, goti likimlilia, kuliko kusema neno moja tu. Kisa? Katoto. Nyumba ilipotea, uwanja ulipotea, lakini muujiza wake alikuwa nao bado. Mtu mzima akifunga mabao matatu, amefanya kazi yake. Mtoto akifunga matatu, watu husimulia mpaka leo.

Na nani atatokea kanisani kwao Norsborg mwaka 2003? Sébastien! Anaishi Hjulsta, upande wa pili kabisa wa jiji, na anakuja kwa treni mbili kila Jumapili kwa ajili ya ibada ya Kiswahili. Bukavu hawakuwahi kumsamehe. Walimpa jina la Mlezi, eti alimlea mtoto golini mwake, akapoteza namba, na jina likamfuata hadi Sweden. Kila sherehe Zénon alisimulia mabao yale, na Sébastien akasikiliza huku ameinamia sahani yake. Tena kwa heshima kubwa: kwa mujibu wa karatasi Sébastien alimzidi miaka mitano, kwa hiyo Zénon alimwita mzee, akampelekea chakula, akampisha kiti. Kusimama kulimtesa, lakini mtoto hana ruhusa ya kulalamikia goti.

Mambo yaliharibika Juni 2009, Zénon na Emérithe walipotimiza miaka hamsini ya ndoa. Mkwe wao Clovis, mshereheshaji, alipiga hesabu za tarehe akaziandika kwenye kadi za mwaliko: bwana harusi kumi na sita, bibi harusi kumi na tisa. Kanisa zima likacheka wiki mbili. Winifrida, Mtanzania wa kwaya, akamwuliza Emérithe kama alimwachisha ziwa kwanza au aliolewa naye hivyo hivyo. Emérithe akacheka naye vizuri tu. Alipofika nyumbani akavua viatu, akavirusha ukutani.

"Siri yako nimeitunza miaka hamsini," akamwambia Zénon. "Nyembe nilikuwa nakununulia mimi! Leo naitwa mwizi wa watoto. Siku hiyo utasema, ama keki utakata peke yako."

Siku ikafika. Ukumbi ukajaa, jua la Juni likamiminika madirishani, keki ikasimama ghorofa tatu. Maharusi wakasimama mbele ya keki, na Clovis akashika maikrofoni. "Ndugu zangu, fikirieni: bwana harusi wa miaka kumi na sita!"

"Sexton!" akarudia mjukuu wao Darlène kwa Kiswidi, akavunjika mbavu.

Emérithe akakiweka kisu mezani, polepole, akakunja mikono. Zénon alishakutana na mabeki wenye mapaja kama magogo na hakutetemeka hivyo. Akamtazama mkewe, akaona jinsi alivyobana midomo, na aibu ikamshika kwelikweli. Alimpenda mwanamke huyu kuliko mabao yote matatu.

"Nilikuwa na ishirini na mitatu," akasema. "Na siku ya fainali, ishirini na miwili. Nilinyoa asubuhi, na kabla ya mechi nikanyoa tena."

Nyuma ya ukumbi kiti kikaanguka. Sébastien alikuwa anakuja na fimbo yake, na Zénon akajua atapigwa, akaona ni haki.

"Sema tena," Sébastien akamwambia. "Batu basikie."

"Ishirini na miwili."

"Na ndevu?"

"Nyingi, mzee."

Sébastien akaidondosha fimbo. Akacheka, akalia, akacheka tena, akachomoa simu na kumpigia mdogo wake Bukavu. "Alikuwa mwanaume!" akapiga kelele. "Mutu muzima, wa ndevu! Enda uwaambie bote!" Wengi wa hao wote walishakufa zamani, lakini mdogo wake aliahidi kuwaambia waliobaki. Sébastien akamshika Emérithe mkono, wakacheza kuizunguka keki, vigelegele vikapasua paa, na aliyepiga vya juu kabisa ni Winifrida.

Ghafla Sébastien akasimama, anahema, anahesabu kwa vidole.

"Ngoja. Basi weye ni mukubwa yangu! Miaka mbili! Na umenipisha kiti miaka sita, mwizi weye!"

Akarudi nyuma, akaokota kiti chake kilichoanguka, akakibeba mpaka mbele. Akakipangusa kwa mkono wa koti lake.

"Ikala, mukubwa yangu."

Zénon akaketi. Akalinyoosha goti mbele ya watu wote na kuachia mguno mrefu wa kizee, wa kwanza maishani mwake, na hakuna aliyemcheka. Emérithe akakichukua kisu, akakata keki, akamletea kipande pale pale alipoketi.